Mganga, Mchezaji na Pepo Mtoto

Hotuba niliyoitoa kwenye jioni yetu ya kusikiliza santuri hapa Nsambya, Kampala. Nimeiandika kwa ajili ya waliokwamishwa na mvua, na kwa ajili ya wale waliokuwepo lakini walikuwa wanakula.

Wazee wangu, kina mama, nanyi vijana mliouacha mpira wa Jumamosi mkaja kukaa nasi, hamjambo. Najua shikamoo haijawahi kuota mizizi Kampala, kwa hiyo siidai, ingawa mvi zangu zinaidai.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na santuri tatu. Nimekuja na mfuko mzima, na naona ananitazama. Mwenyekiti, wewe ndiye uliyemwalika mtoto wa reli, na unajua treni za hapa zilivyokuwa na saa.

Nianze kwa kukiri. Mpaka nafika miaka kumi hivi, sikujua jazi ni nini, na nilikuwa na hakika kwamba najua. Nimezaliwa katika kota za reli, si mbali na ukumbi huu, baba yangu akiwa fundi wa mabehewa. Kota zile zilikuwa Afrika Mashariki nzima imepangwa kwa mistari: Mjaluo mlango wa kwanza, Mkamba wa pili, Mteso wa tatu, Mnyamwezi wa nne, sisi wa tano. Kilichotuwezesha kuombana chumvi ni Kiswahili, tena Kiswahili cha kota, ambacho Mzanzibari akikisikia anaomba maji ya kunywa.

Na katika Kiswahili kile, jazi lilikuwa jina la bendi. Kulikuwa na OK Jazz ya Franco huko Kongo, iliyoanza 1956. Kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Ukimwambia mtoto wa kota "jazi", anaona magitaa matatu yanazungumza, tumba, na kijana aliyevaa bugaluu. Hilo halikuwa kosa. Neno lilisafiri, likafika, likapewa kazi.

Sasa, jirani yetu mmoja alikuwa dereva wa gari moshi kutoka Kisumu. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na boksi la santuri nzito, zile ukiangusha moja unalia. Jumapili moja alituita watoto akasema, "Leo mtasikia baba yao hawa wote." Akaweka sindano. Likalia tarumbeta, peke yake. Hakuna gitaa, hakuna tumba, hakuna mtu wa kulifuata. Linapanda, linateleza, linageuka, linashuka. Mimi nikauliza, "Gitaa liko wapi?" Akacheka akasema, "Subiri. Huyu kwanza anapiga hodi."

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu mwanzo ule, na sijakuta lililolishinda jibu la dereva wa treni. Ilikuwa West End Blues ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi ya Marekani, iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928. Hodi yenyewe haifiki robo dakika. Halafu bendi inafungua mlango na wimbo unaingia polepole, kama mgeni aliyevua viatu. Katikati Armstrong anaweka tarumbeta chini na kuimba bila maneno, anajibizana na klarineti, sauti ya mtu anayejisemea akiwa anaosha uso. Earl Hines anapita na kinanda chake. Kisha Armstrong anarudi, anapanda juu kwenye noti moja na kuishika. Anaishika kama mtu aliyeng'ang'ania mlango wa behewa treni ikiwa imeshaanza kuondoka. Unamhurumia. Ndipo anaiachia, na ile noti inamwagika kama shanga. Hii ndiyo santuri yangu ya kwanza, na hata mkinitimua sasa hivi nitakuwa nimefanya kazi niliyokuja kuifanya.

(Tulisikiliza mara mbili. Mara ya pili niliomba watu wasipige makofi baada ya hodi. Walipiga.)

Baada ya santuri ilikuja redio. Wenye umri wangu mnaikumbuka ile ya mawimbi mafupi, unaizungusha kwa vidole viwili kama fundi wa kufuli, mara Cairo, mara kelele, mara mtu anasoma bei za pamba. Usiku ukitulia unampata Willis Conover wa Sauti ya Amerika. Kipindi chake cha muziki kilianza 1955. Kiingereza chake kilitembea kwa mwendo wa bibi harusi, kwa makusudi, ili sisi ambao Kiingereza tulikikuta darasani tusiachwe njiani. Nchini kwake hakuwa maarufu hata kidogo, maana sheria ilizuia Sauti ya Amerika kuwatangazia Wamarekani wenyewe. Tuliomjua ni sisi wa nje. Na wimbo wake wa kufungulia kipindi ulikuwa Take the A Train ya Duke Ellington, uliotungwa na Billy Strayhorn. Watoto wa kota walipoambiwa kwamba ule ni wimbo wa treni, basi, Ellington akawa mtu wa Nsambya.

Kwa hiyo niruhusuni nimsemee Ellington kidogo. Tarehe 7 Julai 1956, tamasha la jazi la Newport, Marekani. Wakati ule watu walikuwa wameanza kusema kwamba Ellington amezeeka, bendi kubwa zimekwisha. Usiku umekwenda, wengine wanatafuta makoti yao. Ellington anaita nyimbo zake mbili za zamani, Diminuendo in Blue na Crescendo in Blue, na katikati yake anamwachia Paul Gonsalves na saksafoni. Gonsalves anapiga mizunguko 27 ya bluzi. Kila mzunguko ni baa 12, yaani mafungu 12 ya mapigo; kokotoeni wenyewe, zinafika 324. Mama mmoja mwenye gauni jeusi akasimama akaanza kucheza, na uwanja mzima ukamfuata. Waliokuwa wanatafuta makoti waliyasahau.

Lakini kisa chenyewe kiko hapa. Gonsalves alisimama mbele ya maikrofoni isiyo yake. Kampuni ya santuri ilikuwa na maikrofoni yake, na Sauti ya Amerika ilikuwa na ya kwake, naye akapigia ya redio. Ndiyo maana kwenye santuri ya 1956 saksafoni inasikika mbali, kama iko nyumba ya pili. Kanda ya redio ilipopatikana miaka mingi baadaye, wakaziunganisha mbili, na mwaka 1999 ikatoka rekodi ambayo Gonsalves yuko sebuleni kwako. Ukinunua, nunua hiyo. Ndiyo maana sipendi mtu aidharau redio. Thelonious Monk na mpiga saksafoni John Coltrane walipiga pamoja katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 29 Novemba 1957, na kanda ya usiku ule, iliyochukuliwa pia na Sauti ya Amerika, ililala kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani mpaka 2005. Miaka 47 na kitu! Monk kwenye kanda ile anapiga kinanda kama mtu anayepanga mawe ya kujikwaa, na Coltrane anapita katikati yake anakimbia, na hajikwai.

Kind of Blue ya Miles Davis sijaileta. Mnayo wote, hata kinyozi wangu anayo. Nitasema tu kwamba upande wa kwanza ulisikika ukienda kasi kuliko ulivyopigwa, kwa sababu mtambo wa kurekodia ulikuwa unakwenda polepole siku ile ya Machi 1959, na kosa halikurekebishwa mpaka toleo la 1992. Kwa hiyo ninyi wapiga vinanda mliojaribu kufuatana na santuri ya zamani mkaona kinanda cha nyumbani kimepotoka, kiombeni radhi.

Na mwimbaji Ella Fitzgerald, Berlin, tarehe 13 Februari 1960. Anaimba Mack the Knife, maneno yanamtoka kichwani mbele ya maelfu ya watu. Hasimami. Anatunga papo hapo, anawaambia kwa wimbo kwamba amesahau, anamwiga Armstrong, anamaliza. Akapewa tuzo ya Grammy. Huyo nawaachia MC wa harusi wote wa Kampala.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nikubali mwaliko huu, na hapa naomba mnivumilie.

Wakubwa wenzangu mnajua Kiswahili kilivyokuwa katika mji huu. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi tangazo lile lilikuwa kama kukitia msumari. Kiswahili kikawa lugha ya kizuizi cha barabarani. Lugha ya "toka nje" na "lete kitambulisho." Baba yangu, ambaye Kiswahili ndicho kilichokuwa kinamlisha, alianza kutuambia tukiwa kwenye taksi, "Sauti chini." Hakusema tunyamaze, sauti chini tu. Shirika la reli likavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na hata kabla ya hapo majirani zetu wa Kenya walikuwa wanafunga mizigo. Dereva wetu wa Kisumu aliondoka na gramafoni, akatuachia boksi la santuri. Tukawa na santuri bila kitu cha kuzipigia, kwa miaka. Mwaka 1979 wakombozi waliingia kutoka Tanzania, nao wakaja na Kiswahili kilekile, safari hii kinasema "ndugu." Masikio yetu hayakujua yashike lipi.

Basi wekeni hilo pembeni, halafu msikie hili.

Novemba 1960, New York, mpiga kinanda Randy Weston aliingia studio na bendi kubwa. Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Uganda bado, Kenya bado, Tanganyika yenyewe bado. Weston alitaka kutoa zawadi kwa bara hili, na alitaka lugha ya Kiafrika isikike ndani yake. Aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa atumie lugha gani. Wakamwambia Kiswahili. Santuri ikaitwa Uhuru Afrika. Mpangaji wa muziki alikuwa Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, katika enzi ambayo mwanamke kwenye bendi alitarajiwa kuimba na kutabasamu. Nyuma wamejaa miamba: Max Roach, Clark Terry, Yusef Lateef, Freddie Hubbard, Olatunji wa Nigeria na ngoma zake. Na mwanzoni kabisa, kabla bendi haijawaka, Mtanganyika aitwaye Tuntemeke Sanga anasoma shairi la Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi. Kwa Kiswahili.

Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoisikia mara ya kwanza, kwenye sidii iliyoletwa na ndugu kutoka Nairobi. Nilikuwa peke yangu nyumbani, jioni. Ile sauti ilipoanza kusema uhuru, mara ya kwanza, mara ya pili, nilinyanyuka kwenye kiti nikaenda kufunga dirisha.

Nikasimama pale na mkono kwenye komeo. Nikajiuliza, unamficha nani? Hakukuwa na kizuizi. Amin alikuwa ameondoka zamani. Baba yangu mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Lakini mkono ulikuwa bado unamtii: sauti chini. Na kule ng'ambo, miaka yote ile, watu waliokuwa hawana hata jirani wa kuongea naye Kiswahili walikuwa wamekichukua neno kwa neno na kukivalisha saksafoni. Serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hii. Mimi nilikuwa nataka kuipiga marufuku sebuleni kwangu.

Nilifungua dirisha. Jirani akalalamika kwa sababu ya tarumbeta, si kwa sababu ya Kiswahili.

Wimbo wa mwisho wa Uhuru Afrika unaitwa Kucheza Blues. Hapo nina neno na Mzee Weston, Mungu amrehemu. Kwetu ala haichezwi, inapigwa. Kucheza ni kwa miguu na kiuno. Lakini nikiisikiliza, namsamehe, maana bendi nzima inacheza kweli, na ukikaa kimya kwenye kiti chako wakati wa wimbo ule nenda kapimwe.

Hakuwa peke yake. Lee Morgan, tarumbeta, Februari 1964, miezi miwili baada ya bendera kupandishwa Nairobi, alirekodi wimbo uitwao Mr. Kenyatta. Gary Bartz alitoa santuri mbili mwaka 1971, moja Taifa, nyingine Uhuru. Tafuteni zote. Kwenye ule wa Lee Morgan msikilizeni kijana aliyekaa kwenye kinanda, kwa sababu ndiye tunayemwendea: Herbie Hancock.

Tarehe 31 Desemba 1970, watu wakiwa wanajiandaa na mwaka mpya, Hancock na wenzake walikuwa studio huko San Francisco. Santuri waliyoitengeneza siku ile inaitwa Mwandishi. Siku 25 baadaye, hapa kwetu, redio ilipiga muziki wa kijeshi na tukaambiwa kuna serikali mpya. Ni kalenda tu, siisemi zaidi ya hapo. Lakini kila nikiiweka sindano nazihesabu zile siku.

Mwandishi lilikuwa jina la Hancock mwenyewe. Wote sita walipewa majina ya Kiswahili, na aliyeyaleta ni mwanamuziki James Forman, ambaye naye alijiita Mtume. Wakati ule Wamarekani weusi wengi walikuwa wakikipenda Kiswahili kwa sababu hakikuwa cha kabila moja. Ndio kipindi kilichozaa Kwanzaa, sikukuu yao yenye jina la Kiswahili, mwaka 1966. Sasa, majina yenyewe. Naomba msicheke kabla sijamaliza.

Mpiga dramu, Billy Hart, aliitwa Jabali. Hapo hakuna ubishi, msikilizeni tu. Mpiga besi, Buster Williams, aliitwa Mchezaji. Nimeshawaeleza kuhusu kucheza na kupiga. Kwa Kampala, Mchezaji ni mtu wa timu ya mpira, KCCA au Villa, na kwa kweli besi yake inapiga chenga. Bennie Maupin, saksafoni na klarineti ya besi, aliitwa Mwile, ambalo sikioni mwangu ni mwili uliojikwaa. Mpiga tarumbeta, Eddie Henderson, aliitwa Mganga. Hapa vijana mnacheka, mnawaza hirizi na tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Kumbe Henderson alikuwa daktari wa kweli, aliyesomea chuo kikuu na kutibu watu, huku usiku akipiga tarumbeta. Na mtu aliyempa somo la kwanza la tarumbeta akiwa mtoto ni Louis Armstrong. Yule yule aliyepiga hodi kwenye kota yetu.

Amebaki Julian Priester, tromboni. Yeye walimwita Pepo Mtoto.

Haya, chekeni. Mama yangu alipoliona jina hilo kwenye jalada alilifunika kwa leso, akaniambia santuri hiyo isilale chumba kimoja na wajukuu. Nilimweleza kwamba walikusudia roho changa, mtoto wa rohoni, kitu kizuri. Akasema, "Wangeuliza." Ni kweli, wangeuliza. Lakini mimi nampenda Pepo Mtoto kuliko wote, kwa sababu aliitwa jina ambalo hakuna mzazi wa Kiswahili angelithubutu, akalibeba mchana kweupe jukwaani, na upande mzima wa pili wa santuri ni utunzi wake, dakika zaidi ya ishirini, unaoanza kama pumzi ya mtu aliyelala na kuishia mahali ambapo sitawaambia.

Upande wa kwanza unafunguliwa na Ostinato, waliyomtungia mwanaharakati Angela Davis, aliyekuwa gerezani wakati huo. Mapigo yake ni 15. Msiogope, hesabuni nami kwa vidole: nane, halafu saba. Nane, halafu saba. Ukikosa, usijilaumu, rudi tu kwenye besi, Mchezaji atakushika mkono.

Najua mtaniuliza, na sisi je? Sisi tuko. Moses Matovu yuko na saksafoni yake kwenye bendi ya Afrigo tangu 1975, na hakuna mtu wa ukumbi huu ambaye hajawahi kucheza mbele ya saksafoni ile. Isaiah Katumwa ameipeleka saksafoni ya Uganda mbali. Lakini hao mnawasikia kila wiki bila mimi. Ninayotaka mwezi ujao ni kwamba kila mmoja alete santuri, kaseti, simu, chochote, yenye neno la Kiswahili ndani yake lililopigwa na mtu ambaye hakuzaliwa nalo. Na yule ndugu aliyeazima Uhuru Afrika kwangu mwaka juzi, simtaji jina, anajua alipokaa, nami pia najua alipokaa.

Macho yangu hayauoni tena mfereji wa santuri, kwa hiyo mjukuu wangu ndiye atakayeweka sindano. Siku hizi anajifunza Kiswahili shuleni. Juzi alikuja na daftari akaniuliza Pepo Mtoto ni ngeli gani, nikamwambia akamuulize mwalimu, kisha aniletee sura ya mwalimu.

Haya, mwanangu. Upande wa kwanza. Polepole, usikwaruze. Na wewe uliye karibu na ukuta, zima hiyo feni, inaingia kwenye besi. Madirisha yaacheni wazi.